Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha Gavana ni Chanzo cha Awali?

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu Vita vya Maji Maji. Kitabu cha gavana von Götzen cha mwaka 1909 nikiweke kwenye vyanzo vya awali (ushahidi wa waliokuwepo) au vya upili (maandishi ya baadaye yanayotegemea ushahidi huo)? Na faili za Wajerumani nazipataje?

JIBU: Inategemea unakiuliza nini. Götzen ndiye aliyekuwa gavana vita vilipoanza Umatumbi Julai 1905. Ukichunguza jinsi utawala wa kikoloni ulivyojitetea, hicho ni chanzo cha awali kabisa. Ukitafuta kwa nini wanavijiji waling'oa pamba na kushika silaha, kuwa mwangalifu: hayo aliyapata kwa taarifa za maofisa wake, na alipochapisha alikwishaondoka madarakani akiwa na jina la kulinda.

Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1968 nayo yapimwe vivyo hivyo. Aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alihojiwa akiwa na 78, baada ya utawala wa Waingereza na harakati za uhuru. Katika madondoo yako, tenga aliyeshuhudia na aliyesimuliwa.

Kuhusu faili, usiende na mada tupu. Nenda na namba za faili. Zisake kwenye tanbihi za vitabu vya upili. Faili za utawala wenyewe zimo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Za Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani ziko Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa hilo, Berlin, fungu R 1001, na nyingi zinasomeka mtandaoni. Jiandae kwa mwandiko wa zamani uitwao Kurrent, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila kujifunza.

Ukiruhusiwa kupiga picha, ya kwanza iwe ya uso wa faili, namba ionekane. Kila karatasi ipigwe na namba yake ya pembeni, maana picha isiyo na namba huwezi kuitaja kwenye tasnifu. Andika tarehe mbili: ya tukio na ya barua.

Kosa linaloangusha wengi ni kuhesabu vitabu vitatu kama mashahidi watatu. Fuata tanbihi zake; huenda vyote vinaishia kwenye ripoti moja ya ofisa mmoja. Na faili ambayo hukuifungua, bali umeikuta kwa mwandishi mwingine, andika "imenukuliwa na", kisha umtaje yeye.