Shina la Faneli na Aibu Zangu Nyengine: Kwa Walimu Wapya wa Maabara

Wiki hii nimesahihisha michoro ya vifaa ya wanafunzi wa kidato cha pili, kisha nikapitia maandalizi ya walimu wawili wapya wa skuli yetu hapa Chake Chake, nikakuta makosa ni yale yale. Wanangu, bika, ile gilasi ya maabara, mnaiziba mdomo kwa mstari wa nini? Naandika, ijapokuwa najua mtasema mzee kaanza tena.

1. Tunachora mkato wa kifaa, yaani kana kwamba kimepasuliwa katikati, si picha yake. Penseli iwe kali, mstari uwe mmoja, vivuli visiwepo. Mdomo wa bika na wa mrija huachwa wazi, kwani mstari unaokatiza hapo maana yake ni kioo, na gesi haipiti kwenye kioo. Mistari ya majina isipishane.

2. Shina la faneli, yaani mrija wa chini wa kile kifaa cha kumiminia, lizame ndani ya asidi. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilichora ubaoni utayarishaji wa haidrojeni kwa zinki na asidi hidrokloriki hafifu, mchoro safi kweli kweli, wenye chaki za rangi tatu. Lakini shina la faneli nililikomesha chini kidogo ya kizibo, likawa linaning'inia juu ya asidi. Binti mmoja aliyekaa dirishani akauliza kwa adabu: "Mwalimu, gesi haitatokea huku juu?" Nikamwambia achore kwanza, maswali baadaye.

Siku ya pili niliunganisha vifaa kama nilivyovichora. Zinki ikatoa mapovu, lakini chupa ya kukusanyia gesi, iliyopinduliwa ndani ya karai la maji, ikabaki imejaa maji pomoni. Nikailaumu zinki kuwa ni kuukuu, nikakilaumu kizibo, nikakipaka mafuta ya mgando mbele ya darasa zima. Nikazidi kumimina asidi mpaka ikafunika ncha ya shina, na hapo hapo mapovu yakaanza kupanda ndani ya chupa. Kumbe gesi ilikuwa ikitoka kwenye faneli, kwa kuwa mrija wa pili, ule wa kupeleka gesi kwenye chupa, ulikuwa chini ya maji na njia yake ilikuwa nzito zaidi. Nikawaamuru wote wafute. Wakafuta wote isipokuwa yule binti. Daftarini mwake shina lilikuwa limezama tangu jana.

3. Mrija wa kutolea gesi ni kinyume chake: uishie chini kidogo tu ya kizibo.

4. Katika kondensa, kile kifaa cha kupoza mvuke uwe kimiminika, maji baridi yaingie chini yatokee juu, ili mrija wa nje ujae. Ncha ya temometa iwe usawa wa mrija wa pembeni wa chupa ya kuchemshia, kwani tunapima joto la mvuke. Wanafunzi wakichoka, wakumbusheni Kiwanda cha Makonyo pale Wawi, ambako mafuta ya karafuu hupatikana kwa mvuke unaopozwa. Harufu yake wanaijua kuliko kitabu. Na chombo cha kupokelea kisizibwe, kwani mvuke uliofungiwa huku moto unawaka utapasua kioo. Mwezi uliopita mmoja wenu alikitia kizibo kikubwa, tena akakiandikia jina kwa hati nzuri. Bahati ilikuwa karatasini.