Msiongeze boti kwa sababu eti ndoo hazijapungua

Mkuu, simamisha hicho kikao. Umeandika hapa jukwaani kwamba BMU yenu, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukweni, inakaa Jumamosi kuamua kama iruhusu ringineti (boti za nyavu ya kuzungusha) nne zaidi, na ushahidi wenu ni daftari: miaka mitatu sasa kila boti inaleta ndoo zilezile kwa usiku mmoja, kwa hiyo dagaa wapo wa kutosha. Ukauliza pia mnunue mizani gani, na kama daftari lihamie kwenye simu. Nimekusoma mara mbili nikaishiwa nguvu. Hayo maneno ya daftari niliyasema mimi, nimesimama mbele ya wavuvi wa diko letu kule Pangani, na wakaniamini.

Nilikuwa mwandishi wa takwimu. Kila alfajiri ya giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa kwa taa, niko ufukweni na kalamu: boti ya nani, ndoo ngapi, bei gani. Tulikuwa na boti sita, na wastani wa ndoo kwa boti ulikaa palepale mwaka hadi mwaka. Vijana walipoomba kuongeza vyombo, wazee wawili walikataa. Walisema dagaa papa, aina ya dagaa tunaowavua, wanaoletwa siku hizi ni watoto, na kwamba boti zinalala mbali. Nikafungua daftari nikawasomea hesabu, wakanyamaza. Mzee mmoja alichukua bakora yake akaondoka kikaoni bila kuaga. Tukaruhusu boti tano.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia ulikwenda, ingawa manahodha walianza kulalamikia mafuta. Kaskazi iliyofuata boti zilirudi tupu, giza la kwanza, la pili, la tatu. Binamu yangu alikuwa amekopa mashine na nyavu kwa dhamana ya shamba la minazi la mama yake. Shamba limekwenda, na mama mkubwa sasa anaishi kwa mwanawe mwingine Muheza. Kina mama wa kuchemsha, ambao hula kwa ndoo wanazochemsha, walikaa na majiko baridi na chanja tupu. Mpaka leo nikipita pale najisikia vibaya.

Sasa sikiliza kwa nini ndoo zilidanganya. Dagaa hakai baharini ametawanyika kama mchele sinia nzima. Anakaa kwa makundi. Wakipungua, kundi lenyewe halipungui kwanza. Kinachopungua ni idadi ya makundi na ukubwa wa eneo walilomo. Ukilipata moja, nyavu inajaa kama zamani. Na sisi tunawaita kwa taa! Palipokuwa na karabai mbili sasa pana taa za LED na betri, zinavuta samaki kutoka mbali zaidi. Mashine nayo imekuwa kubwa. Nahodha aliyekuwa akipata samaki saa nne usiku sasa anawapata saa tisa, karibu na mkondo wa Pemba. Daftari langu halikuwa na safu ya saa, wala ya mafuta, wala ya idadi ya taa. Lilikuwa na ndoo tu. Ndoo zilibaki zilezile kwa sababu jasho la kuzijaza liliongezeka kila mwaka, na hakuna aliyeliandika.

Wenzetu wakubwa yaliwakuta. Peru mwaka 1970 walivua anchoveta, samaki wadogo kama dagaa wetu, zaidi ya tani milioni 12, uvuvi mkubwa kuliko wote duniani wa samaki wa aina moja. Mwanzoni mwa 1972 El Niño ilipopasha moto bahari, samaki waliobaki walijisogeza pwani kwenye maji baridi machache, wakabanana. Boti zilijaa. Ungeangalia ndoo za miezi ile ungesema baraka imeshuka. Mwaka 1973 walipata chini ya tani milioni 2.

Aliyenifundisha fomu ile ya ndoo ni mtaalamu wa mradi fulani, sitamtaja. Alitukusanya hotelini siku mbili, tukapewa fulana na posho. Niliuliza kama tupime urefu wa samaki. Akajibu kwamba mambo hayo ni ya watafiti, wavuvi tujaze fomu. Hasira yangu haijaisha. Mtu aliyevua miaka thelathini anaweza kabisa kuweka dagaa juu ya rula! Anampasua samaki kila siku jikoni, atashindwaje kutazama kama ana mayai? Alitunyima kitu rahisi kuliko vyote kwa sababu alituona hatuwezi, kisha mradi ukaisha naye akaenda zake. Wenzangu mnaofanya kazi miradini mkitaka kucheka jazba yangu chekeni, kicheko hakitozwi ushuru.

Kwa hiyo shika hili moja: pima samaki mwenyewe, usipime ndoo zake.

Kila giza chukua samaki mia kutoka boti tatu au nne tofauti. Wachukue kabla wachuuzi hawajachagua, na usichote juu ya ndoo, ingiza mkono mpaka katikati. Pima wakiwa wabichi, kwa sababu dagaa aliyechemshwa kwa chumvi na kuanikwa hupungua urefu na vipimo vyako havitalingana. Tenganisha aina. Dagaa papa si dagaa mchele, na vibua wachanga wakiingia humo wanaharibu kila kitu. Neno "dagaa" kwenye daftari langu lilikuwa gunia lenye samaki wa kila namna. Aina moja ingeweza kwisha nyingine ikajaza nafasi yake, nisijue.

Kisha pasua kama thelathini. Andika urefu na kama tumbo lina mayai au shahawa zilizokomaa. Baada ya miezi michache utaona mwenyewe ni urefu gani ambapo nusu ya samaki wamekomaa. Hiyo ndiyo alama yako. Kama wengi mnaowavua wako chini yake, mnavua ambao hawajazaa hata mara moja.

Lakini usikurupuke pia. Kuna miezi watoto wanaingia kwa wingi, na hiyo ni habari njema. Linganisha mwezi na mwezi wake: Februari hii na Februari iliyopita, si kaskazi na kusi. Cha kuogopa ni wale wakubwa wa juu kabisa kutoweka mwaka baada ya mwaka. Pembeni ya urefu andika saa nyavu ilipozungushwa, lita za mafuta, idadi ya taa na mahali. Kama ndoo ni zilezile na lita zimepanda, umeshapata jibu lako.

Mchangiaji mmoja hapo juu amesema msubiri meli ya utafiti. Meli ni nzuri, siipingi. Dr. Fridtjof Nansen inapima makundi kwa mawimbi ya sauti, na ilipima bahari yetu 1982 na 1983, ikaja tena 2018. Lakini dagaa anaishi mwaka mmoja, miwili, akibahatika mitatu. Hesabu vizazi vilivyopita katikati hapo. Tena meli kubwa haiwezi kuingia kwenye maji mafupi ya pwani ambako dagaa wenu wengi wanalala. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wapo tangu 1980, wapelekeeni vipimo vyenu. Mtafiti akiona urefu wa samaki elfu moja wenye tarehe na aina atakaa chini na nyinyi. Akiona ndoo atakushukuru na kukuaga.

Jumamosi waombe wajumbe waahirishe mpaka mpite kaskazi moja na kusi moja mkipima. Wanaotaka boti watakukasirikia, wavumilie. Na wale wazee wanaosema samaki wamekuwa wadogo, wakae mbele, wasemeshwe kwanza. Giza lijalo likianza, nunua rula ya plastiki, chukua samaki mia wa kwanza, uweke urefu wao hapa tuusome pamoja.