Programu nyepesi ya muziki kwa kompyuta ya zamani

Ndugu yangu wa Ngamiani, Tanga, nimekuelewa: kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 2, na kila ukifungua folda ya taarabu za Black Star na Lucky Star, mashine inaganda. Yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Kama una Windows, weka foobar2000. Ni ya bure, ipo tangu 2002, inacheza mafaili ya muziki ya aina ya MP3 na FLAC, na haina mapambo. Ndiyo maana ni nyepesi. Wakati wa kusakinisha unaweza kuchagua ikae hata kwenye flashi. Kwa Linux, Audacious inatosha. VLC nayo nzuri, ila kupanga nyimbo nyingi humo mimi kulinichosha.

Yoyote utakayochagua, ipakue kwenye tovuti yake yenyewe tu. Niliwahi kupakua programu kwingine, nikaletewa matangazo yasiyokwisha.

Lakini kwanza, tafadhali, nakili nyimbo zako kwenye diski ya nje. Zile ulizotoa kwenye kaseti za mama huzipati tena popote. Na ukisikia diski ya ndani ya kompyuta inagonga tik-tik, zima mashine, mpelekee fundi. Hapo programu haikusaidii.