Maswali na Majibu: Wilaya ya Mid Suffolk na Madiwani Wake wa Kijani

Swali: Nimesikia kwamba kuna wilaya huko Uingereza inayoongozwa na Chama cha Kijani bila mshirika. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, nayo ni Mid Suffolk, wilaya ya mashamba na miji midogo kama Stowmarket na Eye, mashariki mwa England. Katika uchaguzi wa Mei 2023 chama hicho kilinyakua viti 24 kati ya 34, Wahafidhina (chama cha Conservative) wakaambulia 6 na Waliberali (Liberal Democrats) 4, ilhali chama cha Labour hakikupata hata kimoja. Kabla ya hapo Chama cha Kijani hakikuwa kimewahi kushika wingi wa viti peke yake katika halmashauri yoyote ya England, na kwa maoni yangu ajabu kubwa zaidi ni kwamba kilishinda vijijini, ambako Wahafidhina walizoea kutamba.

Swali: Mkuu wa wilaya huteuliwa na nani?

Jibu: Cheo hicho hakipo. Madiwani humchagua mmoja wao kuwa kiongozi wa halmashauri, naye huunda kabineti ambayo kisheria haizidi watu kumi, yeye akiwemo. Mkurugenzi mtendaji ni mwajiriwa tu asiyeruhusiwa kujihusisha na siasa za vyama. Tena Mid Suffolk hushirikiana watumishi na wilaya jirani ya Babergh, na ofisi zao ziko Ipswich, mji usiokuwa ndani ya wilaya yoyote kati ya hizo mbili!

Swali: Je, halmashauri hiyo husimamia shule na barabara?

Jibu: La, hizo ni za kaunti ya Suffolk, ngazi iliyo juu ya wilaya. Mkazi wa Stowmarket akikuta shimo barabarani huilalamikia kaunti, lakini pipa lake la taka lisipozolewa, au jirani akitaka kibali cha kujenga, hapo ndipo wilaya inapohusika. Wilaya ndiyo inayokusanya kodi ya halmashauri, ingawa sehemu kubwa huishia kaunti. Desemba 2024 serikali ya London ilitangaza nia ya kuufuta mfumo huu wa ngazi mbili.

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayesoma huko. Naweza kupiga kura?

Jibu: Unaweza, mradi umetimiza miaka 18, una kibali halali cha kuishi nchini na umejiandikisha, kwa kuwa Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, kama zilivyo Kenya, Uganda na Rwanda. Kugombea udiwani ni jambo jingine, kwani hapo hudaiwa ukaazi usio na kikomo. Siku ya kura utatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, na pasipoti yako ya Tanzania inakubalika.