Matunzo ya Mtoto na Kipigo Ndani ya Ndoa: Maswali ya Wasomaji wa Tanzania

Swali: Nimezaa na mwanamume ambaye hatukufunga ndoa. Sasa anamkana mtoto na hatoi matumizi. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, ambaye anaweza kumwita mzazi mwenzio mkazungumza. Ikishindikana, peleka maombi ya matunzo Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwani kutofunga ndoa hakumwondolei baba wajibu. Kwa kuwa anakana, ubaba ndio utakaoamuliwa kwanza, na mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba (DNA) kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Tunza pia ushahidi mdogomdogo: kadi ya kliniki yenye jina lake, miamala ya simu, ujumbe aliouliza hali ya mtoto. Kuhusu kiasi, hakimu hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo orodhesha chakula, ada, sare na matibabu ya mwezi, maana jumla isiyo na mchanganuo hupingwa kirahisi.

Swali: Mama wa mtoto ananizuia kumwona. Nisitishe matumizi?

Jibu: Usisitishe. Fedha hiyo ni haki ya mtoto, wala si malipo ya kumtembelea. Haki ya kumwona nayo huombwa mahakamani.

Swali: Mume wangu hunipiga, na ndugu wanasema yaishe nyumbani. Nikimshitaki, watoto watakosa matunzo?

Jibu: Kushitaki hakufuti wajibu wake kwa watoto. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na ndugu hawana mamlaka ya kukitengua. Tanzania haina sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani, upungufu ambao kwa maoni yangu umechelewa mno kuzibwa, hivyo mashitaka hufunguliwa chini ya Kanuni ya Adhabu, kwa mfano shambulio la kudhuru mwili. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, uchukue PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na daktari aijaze kabla alama hazijapotea. Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo kwa kawaida hupitiwa kabla ya kudai talaka, halizuii kesi hiyo ya jinai. Na maombi ya matunzo unaweza kuyafungua hata kabla ya talaka.