Usimwite meneja wako "loony" kwenye kadi!

Dada, weka kalamu chini kwanza. Meneja wako Mwingereza anastaafu, nawe unataka kumwandikia "our lovely loony", loony wetu mpendwa, kwa sababu umesoma mahali kwamba maana yake ni mtu wa vituko anayependwa. Tena umeuliza kama barmy au batty, maneno mengine ya utani ya kumwita mtu kichaa, yanafaa. Usithubutu!

Loony ni lunatic, yaani kichaa, iliyokatwa, na lunatic inatokana na luna, mwezi kwa Kilatini. Watu wa kale waliamini mwezi ndio unaoleta wazimu. Sasa shika hili: lunatic lilikuwa neno la sheria. Uingereza ilikuwa na Lunacy Act, sheria ya wazimu, ya 1890, watu wakifungiwa hospitali za vichaa kwa jina hilo, mpaka sheria ya 1930 ilipoliondoa. Hospitali zenyewe mtaani ziliitwa "loony bin", pipa la vichaa. Kuna familia bado zina kidonda.

Nilikuwa nahudumia wazee kwenye makao kaskazini mwa Uingereza. Kulikuwa na mzee akivaa kofia mbili, ya sufu chini, ya jua juu, na kila asubuhi anawaamkia njiwa dirishani mmoja mmoja. Nilimpenda mno. Kwenye daftari la zamu nikaandika kwamba leo ni "a happy loony". Jumapili binti yake akalisoma. Hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye mstari, akaniuliza polepole, "Hili umeandika wewe kuhusu baba yangu?" Kumbe bibi yake, mama wa yule mzee, alifia kwenye hospitali hizo. Zamu nikanyang'anywa siku ileile, miezi 2 sina mshahara, na mzee sikuruhusiwa hata kumuaga.

Neno nililitoa kwa mwalimu mmoja wa video, anayefundisha watu waongee kama wazawa. Hakutaja hata mara moja lipi ni tusi! Anakukabidhi kisu bila kukuonyesha makali yako upande gani. Bado naumia.

Barmy uliyouliza inatokana na barm, povu la pombe inayochachuka. Batty inatokana na bat, popo, kwenye ule msemo wa kumsema kichaa "bats in the belfry", popo kwenye mnara wa kengele. Wanaosema inatokana na Dk. William Battie, aliyeandika kitabu cha wazimu mwaka 1758, wanakupotosha. Lakini hata hayo usiyaandike. Neno la namna hii mwachie mwenyewe ajiite.

Umesema meneja wako alikukinga baridi kwa koti lake siku ya theluji yako ya kwanza. Andika hiyo, dada.