Klave haikungoji, mdogo wangu

Juzi nilikaa kwenye mazoezi ya vijana wetu wanaopiga muziki wa Cuba. Muziki huo unaongozwa na klave: mapigo matano ya vijiti katika vipimo viwili, matatu kisha mawili (tatu-mbili), au kinyume chake (mbili-tatu). Mpiga besi anagonga pigo la moja la kila kipimo kama anapigilia misumari, mpiga piano anatiririsha montuno (mzunguko wa piano unaojirudia) ya mbili-tatu juu ya melodi ya tatu-mbili, na wote wanatabasamu. Nikatoka nje kunywa chai. Haya, nawaandikia.

1. Besi: tumbao, yaani mzunguko wako wa besi, haigongi pigo la moja. Inaangukia "na" ya mbili (nusu pigo baada ya la pili), kisha nne, na hiyo nne tayari ni kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kipimo kinachofuata. Utahisi unaanguka. Anguka.

2. Kukulia kwenye dansi si cheti. Rumba ya Kongo ina deni kwa santuri za son, muziki wa dansi wa Cuba, zilizofika kwetu miaka ya 1930. Guaguancó, rumba ya Cuba yenyewe kutoka mji wa Matanzas, ni kitu kingine: ngoma, vijiti na sauti, na katika klave yake pigo la tatu linachelewa kidogo. Nami nilidhani nimezaliwa nayo, ndiyo maana yakanikuta haya ninayosimulia hapa chini.

3. Hesabuni vipimo. Klave moja inakula viwili. Miaka niliyokuwa Ulaya niliandikia bendi yetu chati (mpangilio wa wimbo kwa nota), na kwa ujuaji wangu wa jazi nikaweka sehemu ya vipimo saba, ili isikike ya kisasa. Kwenye ngoma za konga alikuwapo mzee wa Matanzas. Tukaanza. Ile saba ikaisha, tarumbeta zikarudi kwenye melodi, nami nikawa natingisha kichwa kwa raha. Klave ilikuwa imeendelea na safari yake. Melodi yangu ikawa imeingia upande wa mbili badala ya tatu. Mzee akalaza viganja juu ya ngozi. Kimya. Akafuta mikono kwa taulo, akasema neno moja: "Cruzado." Imepishana. Nikaanza kumweleza, kwa ufasaha kabisa, kwamba ni makusudi. Naandika hapa uso unawaka. Hakubishana, akanipa vijiti, akaniambia niimbe melodi yangu huku nikigonga klave. Nikaimba. Kwenye ile saba mkono ukasimama wenyewe, mbele ya watu tisa. Mpiga ngoma za timbali akajifanya anakaza skrubu. Usiku ule niliongeza kipimo kimoja, na wimbo ukapona.

Vipimo witiri si haramu. Wacuba wenyewe hutumia, lakini wanajua melodi itatua upande gani.

4. Mpiga piano, punguza hizo kodi, usijaze sauti nyingi kwa pamoja. Mkono wa kushoto upumzike.

5. Sikilizeni waliochanganya jazi na muziki wa Cuba wakijua pande zote mbili. Mario Bauzá, mpiga tarumbeta wa Cuba, alikaa kwenye bendi za jazi za Chick Webb na Cab Calloway kabla ya wimbo "Tanga" wa 1943 akiwa na bendi ya Machito. Chano Pozo, mpiga konga wa Cuba, hakusoma nota. Mwaka 1947 alimwimbia mpiga tarumbeta wa jazi Dizzy Gillespie vipande vya wimbo "Manteca", Gillespie akaongeza daraja (sehemu ya kati ya wimbo) la vipimo 16. Kumi na sita, mnaona? Si saba. Halafu nendeni kwa Irakere, bendi ya Cuba, msikie ngoma za batá zikikaa pamoja na gitaa la umeme bila kugombana.

Jumamosi nakuja na vijiti. Kila mtu ataimba sehemu yake huku akigonga klave, kuanzia mpiga besi. Na wewe wa piano usiniletee habari za mafua, nakujua.